Tope la Agosti

Agosti ya mwaka juzi vijana wanne walikuja mtaani kwetu na machepe, wakazibua mtaro kwa siku tatu. Kazi waliifanya vizuri, sina neno nao. Walitoa mchanga, vifuu, nepi zilizotumika, magunia, vigae vya bluu vilivyovunjika kutoka duka la vifaa vya ujenzi, na tope jeusi ambalo harufu yake ililala nasi wiki nzima. Kila walichokitoa walikirundika ukingoni, kuanzia kona ya msikiti hadi kwenye lile duka. Kisha wakaondoka. Gari la kuzoa, tukaambiwa, linakuja.

Septemba tope likakauka, kuku wakawa wanalipekua. Oktoba likaota majani. Mama muuza vitumbua akaona pameinuka vizuri, akapanga benchi lake juu. Halafu usiku mmoja wa Novemba vuli ikafungua kwa mvua ya saa mbili tu, na asubuhi tulipotoka rundo halikuwepo. Lilikuwa limerudi mtaroni lote, na benchi la mama wa vitumbua limelifuata. Nyumba kumi na moja ziliingiwa na maji. Yangu ilikuwa mojawapo.

Tangu siku hiyo, watu wakianza kubishana kuhusu mafuriko ya Dar es Salaam, nani alaumiwe, tabianchi au mipango miji au ukaidi wa watu wa mabondeni, mimi nalikumbuka lile rundo. Sikatai hayo mengine. Lakini naamini sehemu kubwa ya mafuriko yetu huamuliwa kati ya Juni na Septemba, jua likiwa linawaka, na gari ambalo halikuja.

Kwa kazi mimi ni mhasibu. Mwenyekiti wa mtaa alipounda kamati ndogo ya mtaro baada ya ile mvua, alinipitia nyumbani jioni. "Mhasibu, wewe hatukuhitaji kwa chepe," akasema akinitazama mikono. "Njoo utushikie daftari." Mtaa wetu uko mteremkoni kuelekea Mto Msimbazi, jina sitalitaja, maana mwenyekiti ataisoma makala hii na nina uhakika ataisambaza kwenye kundi la WhatsApp kabla hajaimaliza.

Kazi ya kwanza tuliyojipa ilikuwa kuufuata mtaro kwa miguu, juu hadi chini, Jumapili moja asubuhi. Ukiishi kando ya mtaro miaka kumi na minne unadhani unaujua. Mimi nilikuwa najua mita thelathini zake tu. Unaanzia kwenye barabara kuu ya lami, unaingia mtaani kupitia kalavati la mabomba mawili, unapita mbele ya maduka, unajificha nyuma ya nyumba, kisha unamwaga kwenye kijito, na kijito kinamwaga Msimbazi. Katika mita mia nne za mbele ya maduka tulihesabu vidaraja 27, vile ambavyo kila mwenye nyumba au mwenye duka hujijengea ili gari lake lipite. Hakuna viwili vilivyofanana. Kimoja kimeinuliwa vizuri, mwenzake kimekaa chini kiasi kwamba mkono hauingii. Fundi mmoja aliweka bomba la plastiki la inchi sita, akamwaga zege juu, akalipwa, akaenda zake. Mtaro wa upana wa mita moja unafika pale unakuwa shingo ya chupa, na chupa yenyewe imeshiba nepi.

Chupa za plastiki, ajabu, hatukuziona nyingi. Zina bei, waokotaji wanapita alfajiri na kuzimaliza. Mifuko ya plastiki nayo imepungua sana tangu marufuku ya Juni 2019, na vile vipakiti vya viroba, pombe kali ya bei rahisi, vilivyokuwa vimejaa kila mtaro viliondoka baada ya katazo la 2017. Kwa hiyo wanaosema Mswahili habadiliki sikubaliani nao. Kilichobaki mtaroni ni kile ambacho hakuna anayekinunua wala aliyekikataza. Nepi ndiyo inayoongoza. Inafuata nguo, halafu mchanga, na mchanga ndio mkubwa kuliko vyote kwa uzito. Unatoka kwenye barabara zetu za vumbi na kwenye viwanja vinavyojengwa, ambako kila mtu amemwagiwa lori la mchanga mbele ya geti na nusu yake inasafiri na mvua.

Tulipofika nyuma ya nyumba tulikutana na jambo jingine ambalo kila Mdarisalama analijua na halizungumzwi mezani. Mvua kubwa ikinyesha, wapo wanaotapisha vyoo. Anatoboa karo, anafungulia mtaroni, anamwachia Mungu na mkondo. Kuita gari la kunyonya ni gharama, na pengine gari lenyewe halifiki nyumbani kwake kwa wembamba wa njia. Ndiyo maana maji yaliyoingia sebuleni kwangu sikuyaita maji ya mvua, na ndiyo maana baada ya mafuriko hatari ya kipindupindu hutunyemelea.

Njiani mzee mmoja aliyekaa barazani akatuuliza tunapima nini. Tulimwamkia, tukamweleza. Akacheka. "Hapo mlipokanyaga palikuwa mpunga," akasema. "Mimi nimeulima." Akatuonyesha kwa fimbo mahali maji yalikopita zamani: katikati ya kile ambacho sasa ni ukumbi wa sherehe.

Swali lililotushinda siku ile lilikuwa la umiliki. Maji yakiwa kando ya barabara kuu yako chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Yakivuka kalavati na kuingia mtaani yako chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 na kukabidhiwa barabara za mijini na vijijini zilizokuwa mikononi mwa halmashauri. Taka zilizomo ndani ya maji hayo hayo ni za halmashauri. Maji taka ya vyooni, uliza DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Yakishaingia kijitoni yamekuwa ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na NEMC, baraza la mazingira, nao wana neno kuhusu ukingo. Tone moja linashuka kilomita moja na nusu na kubadilisha mabosi mara tano. Tope lililotolewa mtaroni na kuachwa barabarani, je, ni sehemu ya barabara, au ni taka? Tuliandika barua kwa ofisi mbili, ambazo nazo sitazitaja. Ya kwanza ilitujibu kwamba ni taka. Ya pili ilisema si taka, ni udongo wa ujenzi. Barua zote mbili zilikuwa na mhuri safi na lugha ya heshima, nimezihifadhi.

Hapa ndipo uhasibu wangu ulipopata kazi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi. Kwenye karatasi huwezi kupata tarehe nzuri zaidi: masika yameisha, ardhi inakauka, una miezi mitatu ya kuzibua mitaro kabla ya vuli. Lakini Julai mosi fedha zipo kitabuni, hazipo benki. Zinaanza kuteremka kwa mafungu, zabuni inatangazwa, tathmini, mkataba, mkandarasi anakabidhiwa eneo, na ukitazama juu unaona mawingu ya Oktoba. Mkandarasi anachimba, mvua inafukia. Na kabla ya hapo kuna safari nyingine ya bajeti yenyewe. Mtaa unaorodhesha vipaumbele, kamati ya maendeleo ya kata inavichuja, baraza la madiwani linapitisha, Bunge linakaa kuanzia Aprili. Mtaro ulioziba katika masika ya mwaka huu utaingia kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza mwakani. Katikati kuna masika moja zima ambalo halimo kwenye hesabu za mtu yeyote.

Halafu tazama fungu lenyewe. Fedha za kutunza barabara zinatoka hasa Mfuko wa Barabara, yaani tozo tunayokatwa kwenye mafuta. Kwa miaka mingi mgawo ulikuwa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa barabara za halmashauri, na mwaka 2021 Bunge likaongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya TARURA. Ndani ya vitabu hivyo matengenezo yana majina yake: ya kawaida, ya muda maalumu, ya sehemu korofi. Kuzibua mtaro ni matengenezo ya kawaida. Neno "kawaida" ni neno baya kwenye bajeti. Mbunge hafungui matengenezo ya kawaida, hakatiwi utepe, hakuna jiwe la msingi. Fedha zikipungua katikati ya mwaka, na hupungua, kinachokatwa ni kile ambacho kutokuwepo kwake hakutaonekana hadi mvua inyeshe. Nimekaa kwenye ofisi za hesabu miaka ishirini na mbili, najua jinsi kalamu nyekundu inavyotafuta mistari ya namna hiyo.

Sisemi mradi mkubwa haufai. Ukisimama Jangwani utaelewa kwa nini unatakiwa. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unakata mji kama kilomita 35 na kumaliza baharini pale kwenye daraja la Salenda. Maji ya Ubungo, Sinza, Tabata, Vingunguti, Kigogo, yote yanashukia bonde moja. Na bahari nayo ina ratiba yake. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Mvua ikigonga wakati bahari imejaa, mto unafika mlangoni na kukuta mlango umefungwa. Wavuvi wanalijua hilo kuliko yeyote anayechora ramani. Mashabiki wa Simba nao wamelijua kwa njia yao, maana makao makuu ya Yanga yako pale Jangwani na utani wa kuwaita vyura haukuanguka kutoka mbinguni. (Mimi ni Yanga. Nimevumilia.)

Desemba 2011 bonde lile lilitufundisha kwa ukali. Ilikuwa mvua kubwa kuliko zote zilizopimwa Dar es Salaam tangu 1954, na zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Waliokuwa mabondeni wakagawiwa viwanja Mabwepande, mbali na soko, mbali na vibarua. Wengine walibaki huko, wengine wakarudi walikotoka. Baadaye zikaja alama za X nyekundu ukutani na matingatinga, kwa kutumia sheria ya mazingira ya 2004 inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Karakana ya mabasi yaendayo haraka, hata hivyo, ilijengwa bondeni pale pale. Mabasi yakaanza kazi Mei 2016, na masika baada ya masika tukaona picha zake yakiwa yamezama hadi madirishani. Mwananchi aliyewekewa X aliziona picha hizo pia.

Sasa upo Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022 kwa mkopo wa dola milioni 200, Hispania na Uholanzi wakiongeza. Mto utapanuliwa, daraja la Jangwani litainuliwa, karakana itahama, na eneo la chini litakuwa bustani ya jiji badala ya makazi. Nyumba zimelipwa fidia na kuvunjwa. Nautakia heri kabisa. Wasiwasi wangu ni wa kihasibu tu: mto uliopanuliwa ni mtaro mkubwa, nao utajaa mchanga kama mtaro wetu, kwa sababu mchanga unatoka juu, kwetu. Fungu la kuuchimba kila mwaka likikaa kwenye mstari wa "kawaida", tumejenga sehemu nyingine ya kuhifadhi tope.

Kitu kimoja kilichowahi kunifurahisha katika habari hizi zote ni Ramani Huria. Kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Ardhi, walipita kata kwa kata na wakazi, wakichora mitaro, upana wake, kina chake, mahali ilipoziba. Waliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza mtaani kwetu: maji yalifika wapi ukutani? Watu walionyesha kwa mkono, kwenye goti, kwenye kiuno, na alama ikaingia kwenye ramani. Nasi tuliiga. Mwenyekiti alinunua kopo dogo la rangi nyekundu, tukachora mstari ndani ya kalavati la juu, mahali ambapo maji yakifika nyumba ya kwanza inaanza kulowa. Nadhani ni shilingi elfu tisa zilizotumika vizuri kuliko zote nilizowahi kuandika daftarini.

Mwaka jana hatukungoja barua. Nyumba zilizoweza zilichanga elfu tano tano, maduka elfu ishirini. Mwenye duka la vifaa alikataa wiki ya kwanza, akalipa wiki ya pili baada ya mkewe kuongea naye. Hayo si yetu. Tulichukua kikundi cha vijana wa mtaa, kile kile kilichokuwa kikihangaikia mkopo wa vikundi unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, tukawapa kazi kwa masharti mawili. Chepe haliingii mtaroni kabla kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, hakijafika. Na tope halilali ukingoni hata usiku mmoja.

Hilo sharti la pili ndilo lililobadilisha kila kitu. Ni kazi ghali zaidi kulisafirisha tope kuliko kulichimba, na nadhani hapo ndipo mikataba mingi inapodanganya bila kusema uongo: inalipa kwa urefu wa mtaro uliozibuliwa, hailipi kwa tope lililoondoka. Ningekuwa na sauti kwenye baraza la madiwani ningeomba hilo tu. Lipeni kwa safari za gari. Na kazi wapeni vikundi vya mtaani kwa mkataba wa mwaka mzima, mita zao wazijue kama wanavyojua viwanja vyao vya mpira, badala ya kumleta mtu wa siku tatu ambaye hatakuwepo Novemba.

Tulimaliza mwishoni mwa Septemba. Vidaraja tisa vya chini kabisa tuliwashawishi wenyewe wavivunje na kuviinua. Vilivyobaki tuliambiwa tusubiri hadi fedha ipatikane. Daftari langu lilionyesha safari 14 za tope. Tope lenyewe tulipata bahati ya kumpata mtu anayejaza kiwanja, akalichukua bure, hata akatuchangia mafuta ya kirikuu. Nilimshukuru kwa ujumbe mrefu.

Mvua za vuli zikaja. Usiku wa kwanza mkubwa, saa nane, simu ya mwenyekiti ikaita. "Mhasibu, yamefika wapi?" Nilikuwa nimeshatoka na tochi, suruali nimeikunja. Nikamwambia maji yako chini ya mstari, vidole vinne. Saa tisa vidole viwili. Saa kumi yakaanza kushuka. Hakuna nyumba iliyolowa. Asubuhi mama wa vitumbua, mwenye benchi jipya, alinikataza kulipa.

Siku ya tatu akaja mama mmoja wa makamo kutoka mtaa wa chini, ule ulioko kijito kinapokaribia mto. Hatumfahamu. Alisalimia vizuri, akakataa kukaa. "Ndugu zangu," akasema, "mlichofanya huku juu ni kizuri, nimeona. Lakini maji yenu sasa yanatufikia yote kwa mara moja. Zamani yalikuwa yanakuja kidogokidogo, tunapata muda wa kupandisha godoro."

Mwenyekiti hakuwa na la kumjibu. Jumapili tukashuka naye, na futi ya fundi mkononi. Kalavati la kwao, kwenye barabara ndogo inayovuka kijito, lina bomba moja, tena jembamba kuliko hata moja kati ya mawili yetu. Upande wa kushoto wa bomba, mahali ambapo kijito kilikuwa kinatanuka maji yakizidi, pamejazwa kiwanja kipya, kimeinuka hadi kifuani, kimezungushiwa mabati. Udongo wake ulikuwa mweusi, umechanganyika na vifuu na vigae vya bluu vilivyovunjika.

Mama akauliza kama tunajua tope lile limetoka wapi. Mwenyekiti akanitazama. Nikafungua daftari kwenye ukurasa wa Septemba, nikampa asome mwenyewe: safari kumi na nne, imelipwa, imeondolewa.